Askari Polisi wa Mji: Kazi Yake na Sifa Zimpasazo

Kijijini mwizi hujulikana kabla ya jua kuchwa. Mbuzi akipotea, watoto watasema ni nani aliyepita njia ya mtoni, na wazee watajua ni nyumba ipi ya kwenda kuuliza. Mjini sivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilionekana kuwa na watu 4,397,073, na mtu aweza kukaa katika chumba cha Kawangware au Eastleigh miaka mitatu asijue jina la jirani waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja. Mwizi apitapo hapo ni uso mmoja katika nyuso elfu. Kwa hiyo mji humlipa mtu mshahara ili awe macho mahali ambapo ujirani umelala, na mtu huyo ndiye askari polisi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kazi ya nguvu. Wakimwona kijana mrefu mwenye kifua kipana husema, "Huyu angefaa polisi." Lakini atazamaye kwa makini jinsi askari wa mji anavyoipitisha siku yake ataona ya kuwa saa za nguvu ni chache sana, na saa za kutazama, kuuliza, kusikiliza na kuandika ni nyingi. Askari ajuaye kukimbia tu, asijue kuandika alichokiona, aweza kumkamata mwizi leo, na hakimu akamwachilia kwa kukosa ushahidi.

Mfano wa polisi wa mji ulioigwa katika nchi nyingi ulianza London mwaka 1829. Kabla ya hapo mji ule ulilindwa na walinzi wa usiku waliowekwa na kila mtaa kivyake, na wengi wao hawakuwa na nguvu wala mafunzo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Robert Peel, alipeleka sheria Bungeni, na jioni ya tarehe 29 Septemba mwaka huo askari wa kwanza wakatoka kwenda zamu. Raia wengi hawakufurahi. Walihofu kwamba Serikali imejiundia jeshi la kuwakandamiza. Kwa ajili ya hofu hiyo askari walivikwa makoti ya buluu, maana askari wa jeshi walivaa mekundu. Walipewa rungu fupi na chombo cha mbao chenye kutatarika, cha kuitia msaada. Bunduki hawakupewa katika zamu zao za kawaida. Tena kila mmoja alitiwa namba kwenye ukosi wa koti lake, ili raia aliyeonewa aweze kusema ni nani aliyemwonea. Namba ile ilikuwa kitu kidogo cha kutazama, lakini maana yake ilikuwa kubwa: mwenye mamlaka ajulikane.

Sifa walizotakiwa kuwa nazo zilikuwa chache. Mtu awe na umri usiofika miaka 35, kimo kisichopungua futi 5 na inchi 7, mwili wenye afya, ajue kusoma na kuandika, na awe na tabia njema. Katika hizo zote, iliyowashinda wengi ni ile ya mwisho. Mtu aliyepewa namba 1 alifukuzwa siku ile ile ya kwanza kwa ulevi, na katika miaka iliyofuata mamia wengine walimfuata, wengi kwa kosa lilo hilo. Wakuu wao wawili, Charles Rowan aliyekuwa askari jeshi na Richard Mayne aliyekuwa wakili, walikubali kuwapoteza watu hao kuliko kuwa na askari wasioaminika. Nao waliwaandikia askari maagizo, na agizo kubwa lilikuwa hili: kazi ya kwanza ya polisi ni kuzuia makosa yasitendeke. Kukamata na kushtaki hufuata, pale kuzuia kuliposhindikana.

Katika Kenya mambo yalianza kwa njia nyingine. Polisi wa mwanzo walikuwa walinzi wa maghala ya kampuni ya Imperial British East Africa huko Mombasa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Baadaye ikaja reli, na Nairobi yenyewe ikaanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, hata mwaka 1950 ikapewa cheo cha jiji. Polisi wale walishika bunduki, na kazi yao ilikuwa kulinda mali ya kampuni na amri za watawala. Wenyeji hawakuwekewa polisi kwa ajili ya usalama wao. Basi askari wa Nairobi amerithi mifano miwili isiyopatana: askari wa zamu mwenye rungu, anayetembea kati ya watu, na askari wa bunduki anayesimama mbele yao. Mambo mengi yaliyotokea baadaye hayaeleweki mtu asipokumbuka urithi huo.

Uzito wake ulionekana wazi katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza mwaka 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa, na katika hao watu 405 walikufa kwa risasi. Nayo ikawalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Kutokana na hayo, na kutokana na kazi ya kamati ya Jaji Philip Ransley ya mwaka 2009, ikaja Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Neno "jeshi la polisi" likaachwa, pakawekwa neno "huduma". Kubadili jina ni kazi nyepesi. Katika maandamano ya mwaka 2024 watu wengi waliuawa, na swali la zamani likaulizwa tena katika barabara za Nairobi. Lakini sheria sasa imeandikwa, nayo yafaa ijulikane na anayevaa sare na asiyevaa.

Sifa za kuajiriwa huchapwa katika magazeti kila mara polisi wanapotafutwa, wala hazihitaji maneno mengi. Matangazo ya miaka ya hivi karibuni yametaka raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hata 28, aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama ya wastani isiyopungua D+ katika mtihani wa KCSE, mwenye afya, asiyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Mwanamume awe na kimo cha futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 3. Mwenye kufaulu hupelekwa chuoni, na chuo kijulikanacho zaidi ni kile cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ambako hufundishwa gwaride, silaha, sheria, huduma ya kwanza na namna ya kutunza ushahidi.

Liko jambo moja ambalo kipimo cha futi hakiwezi kulipima, nalo ni jinsi kijana alivyoipata nafasi yenyewe. Kuajiriwa polisi hakulipiwi hata senti moja. Hata hivyo ziko familia zilizouza ng'ombe au shamba ili kumtafutia mwana mlango. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha uajiri wa watu wapatao 10,000 kwa sababu ya rushwa na kasoro nyingi zilizoonekana viwanjani. Ubaya wa jambo hilo hauishii uwanjani. Kijana aliyeinunua kazi kwa ng'ombe wa baba yake huanza zamu ya kwanza akiwaza jinsi ya kumrudisha ng'ombe yule zizini, na mwenye matatu wa Nairobi, au mama auzaye mboga kando ya barabara, ndiye atakayemlipa.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Tuseme mama mmoja ametoka Kitui kuja kumwona mwanawe hospitalini. Ashuka stesheni ya mabasi ya Machakos, na kabla hajavuka barabara mkoba wake umekwisha kunyakuliwa: fedha, kitambulisho na karatasi za hospitali. Afika kituo cha polisi akilia, na maneno yake yanatoka mafungu mafungu.

"Afande, wameniibia! Kila kitu!"

Askari asiyefaa atamwambia angoje, au atamkemea kwa kubeba fedha nyingi mjini. Askari afaaye atamwambia, "Pole, mama. Keti kwanza. Mkoba ulikuwa wa rangi gani?" Swali hilo si la huruma tu. Mtu aliyefadhaika akiulizwa jambo dogo analolijua, akili yake hurudi mahali pake. Kutoka rangi ya mkoba huja saa, kutoka saa huja mahali aliposimama, na kutoka hapo hukumbuka kwamba kijana aliyemgonga bega alivaa fulana ya mistari, na mwenziwe alichechemea. Yote hayo huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB, na mama hupewa namba ya OB aende nayo. Kwa namba hiyo ataweza kuomba kitambulisho kingine, na kesho akirudi hatakuwa mgeni tena kituoni. Sheria yamtaka mkuu wa kituo aweke maandishi ya malalamiko yote yaletwayo, pamoja na majina ya wote waliokamatwa. Lalamiko halichaguliwi kwa kumtazama aliyelileta.

Hayo yakifanywa vizuri, hayasifiwi na mtu. Na bado ndiyo sehemu kubwa ya upolisi. Mkoba mmoja ukiandikwa vizuri leo, na simu moja iliyoibwa mahali pale pale ikaandikwa kesho, kisha wa tatu akamtaja kijana achechemeaye, mkuu wa kituo atajua zamu ya Jumatatu iwekwe wapi na saa ngapi. Hapo ndipo kuzuia makosa kunapoanza: katika kitabu, kabla hata kiatu hakijagusa barabara.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote huenda ikamfikia askari ghafula. Sauti yasikika sokoni, "Mwizi! Mwizi!" na mara watu mia wamemzunguka mtu mmoja aliye chini. Mawe yako mikononi, na pengine tairi na petroli vinatafutwa. Hakuna ajuaye kwa yakini kama aliye chini ndiye aliyeiba, au ni mpita njia aliyekimbia kwa kuogopa kelele. Sheria haimwambii askari achunguze kwanza kama mtu huyo anastahili kuokolewa. Yampasa aite msaada, asimame kati ya mawe na mtu yule, amtoe, ampeleke kituoni, na hospitalini akiwa ameumia. Pengine askari mwenyewe aliibiwa wiki iliyopita, na moyo wake uko pamoja na umati. Hapo ndipo hujulikana kama mafunzo yalimwingia au yalimpitia juu. Umati ukiua, kosa hilo laitwa mauaji, na waliotupa mawe wakijulikana watashtakiwa.

Mahali palipovunjwa au palipouawa mtu, askari wa kwanza kufika ana kazi moja inayoonekana kama uvivu: asiguse kitu, wala asiache mtu aguse. Kitasa cha mlango chaweza kuwa na alama za vidole, na matope ya kizingiti yaweza kuwa na alama ya kiatu. Askari mwenye haraka ya kuonyesha bidii, aokotaye kisu ili kukionyesha wenziwe, amekwisha kuharibu kazi ya wapelelezi. Na kila kitu kichukuliwacho kuwa kielelezo huandikwa: kimetoka wapi, nani alikichukua, saa ngapi, alimkabidhi nani. Pakikosekana mkono mmoja katika mfululizo huo, wakili wa mshtakiwa atauliza kisu kilikuwa wapi usiku ule, na hapatakuwa na wa kumjibu.

Zamu ya barabarani watu waijua, maana waiona kila siku, na manung'uniko juu yake ni mengi. Itoshe kusema kwamba askari aongozaye magari katika barabara ya Haile Selassie saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, hana budi kuwa na subira isiyofundishwa katika gwaride.

Yafuata habari ya kukamata, na hapa yafaa msomaji asome polepole. Kumkamata mtu si kumwadhibu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha aijuayo, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuzungumza na wakili au na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Na saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, kama vile usiku au Jumapili, basi apelekwe siku ya kazi ifuatayo. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai yasema asifungwe wala kubanwa zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke, na mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa heshima. Wala askari anayepeleleza kesi hawezi kumkalisha mtu usiku akamwandikia ungamo, kisha akalipeleka kortini. Ungamo likubaliwalo ni lile lililotolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa cheo cha Inspekta au zaidi asiyepeleleza kesi hiyo, naye mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa awepo.

Hata uamuzi wa kushtaki si wa polisi tena. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ofisi yake husoma faili na kuona kama ushahidi watosha. Askari huletwa kortini akiwa shahidi kama mashahidi wengine. Huapa, husimama kizimbani, na huulizwa maswali na mtu aliyelipwa ili kutafuta ufa katika maneno yake. Hapo kimo cha futi 5 na inchi 8 hakimsaidii. Kinachomsaidia ni kijitabu chake cha mfukoni, chenye saa na mahali, alichokiandika siku ile ile. Anaposema "sikuona" kwa jambo ambalo kweli hakuliona, ingawa kusema aliliona kungeishinda kesi, amefanya kazi ya polisi kuliko siku aliyomkimbiza mwizi.

Kuhusu silaha, sheria ya mwaka 2011 yaamuru kwamba njia isiyo ya nguvu itangulie daima. Bunduki yaweza kutumiwa tu pale ambapo njia nyepesi hazitoshi, hasa kwa kuokoa maisha ya askari au ya mtu mwingine, na kabla ya hapo askari ajitambulishe na kutoa onyo, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Mtu akiuawa au kuumizwa vibaya, habari hiyo hupaswa kutolewa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iitwayo IPOA. Tena yako maneno katika sheria hiyo ambayo kila konstebo angefaa kuyakariri kama akaririvyo namba ya bunduki yake: kufuata amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Mkubwa akitoa amri mbaya na mdogo akaitii, wawili hao wana kesi ya kujibu.

Wageni wa mjini huwachanganya polisi na askari wa kaunti, ambao Nairobi huitwa kanjo tangu wakati wa baraza la jiji. Askari hao huajiriwa na Serikali ya Kaunti kusimamia sheria za mji, kama vile uchuuzi, maegesho na usafi. Hawako chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi, wala kituo chao si kituo cha polisi. Mchuuzi aliyenyang'anywa bidhaa zake na kanjo akaona ameibiwa au amepigwa, huruhusiwa kwenda kituo cha polisi kuandikisha lalamiko, nalo litaandikwa katika OB kama lalamiko lingine.

Yako pia mambo ambayo mtu apaswa kuyajua kabla hajaufikia mlango wa kituo. Kuandikisha lalamiko hakulipiwi. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa mtu aliyepigwa au kuumizwa, hutolewa na polisi bila malipo. Mtu anapoachiliwa kwa dhamana ya kuandika ahadi tu, halipi kitu. Akitakiwa kuweka fedha, hupewa risiti, na fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha naye akiwa amefika kortini kila alipoitwa. Vituo vingi vina dawati la jinsia, ambapo mwanamke au mtoto aliyedhulumiwa nyumbani husikilizwa kando, mbali na macho ya waliojaa kaunta.

Asiyeridhika na jinsi alivyotendewa aende kwanza kwa Mkuu wa Kituo. Akishindwa, aweza kulipeleka lalamiko lake kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, au kwa IPOA, ambayo haiko chini ya polisi. Huko ataulizwa tarehe, saa, mahali na namba ya OB. Tena ataulizwa jina au namba ya askari, ambayo kwa sheria kila askari aliyevaa sare yampasa aivae mahali ionekanapo.